Dakika Nne

Mwanangu Fauz kaniletea jiko kutoka Doha,
limekaa juu ya kaunta kama mgeni asiyevua viatu.
Halina makaa, halina majivu. Lina namba.
Kuku mzima, dakika kumi na moja.
Mkate wa sinia, nne.

Nne!
Mimi niliyezoea kuupalia moto juu na chini,
nikakaa barazani na Mwanamize wa nyumba ya pili;
mkate ukiiva, hadithi nayo ishafika
kwa yule bwana aliyekimbia siku ya harusi.
Sasa bwana hajavaa hata kanzu,
jiko lishalia: tii, tii, tii,
nami nainuka, kitambaa mkononi.

Sisemi ni baya.
Mkate hutoka umetuna, rangi ya asali,
iliki ikapanda ngazi hadi orofa ya tatu.
Ramadhani nililala hadi saa kumi na moja jioni
na futari ikawahi adhana.

Lakini zile dakika hamsini lilizoniokolea,
niziweke wapi?
Kabatini hazienei.
Juzi nilizikuta zimekaa nami mezani,
zinanitazama nikila peke yangu.

Leo stima imekatika Kibokoni yote.
Jiko kimya, jicho lake limezimika.
Nikashuka na sinia, nikaazima makaa,
Mwanamize akasogeza kigoda.
"Tulifika wapi?"
"Kanzu," nikamwambia. "Alikuwa anaitafuta kanzu."

Upande mmoja mkate uliungua.
Hatukujua mpaka tulipoona moshi.