Vumbi Linalotembea

Samaki wa Daktari Shirini aligoma kula siku ya tatu.
Chakula cha kopo, vipande vyekundu vya bei mbaya,
kilimpita puani, kikazama, kikaoza.
Mdogo kama kidole gumba, kavaa
kama mtu aliyeshonewa mabaki ya cherehani:
buluu, chungwa, kijani, mistari isiyokubaliana.
Nikamwita Kitenge. Yeye alikuja kwa ndege.
Mimi nilikuja kwa basi kutoka Kondoa
kulinda kliniki ya meno, Upanga, usiku,
na bahari nilikuwa nimeiona mara mbili,
zote kwa mbali.

"Huyu hali kilichokufa," daktari akasema
akivua glavu. "Anataka vidudu hai. Kopepodi."
Akaniandikia neno hilo kwenye karatasi ya dawa,
kama nitawakuta duka la jirani,
kutwa mara tatu.

Jumamosi ya bamvua nikashuka Kunduchi
na ndoo ya rangi iliyokwisha rangi.
Maji yalikuwa yamekupwa hadi huko mbali, mwamba uko wazi.
Bi Tausi Pazi alikuwa anachokoa pweza kwa chuma.
"Mwani?" akacheka. "Huo sisi tunaukanyaga tu."
Lakini akaniinamia, akanionyesha:
huu wa nywele, umesokotana
kama uzi uliochezewa na paka;
ule wa shanga, mzuri, lakini usimwamini,
"ukichukia unayeyuka usiku mmoja, unakuachia maziwa."
Chukua kiganja, akasema.
Jiwe liache, lina wenyewe.

Nikautikisa ule wa nywele ndani ya ndoo.
Maji yakajaa vumbi.
Vumbi likapiga teke.

Makosa yangu nayajua kwa namba.
Dumu la kwanza nililisuuza kwa sabuni:
asubuhi, kimya.
La pili nililianika juani, nikidhani joto ni huruma.
La tatu ndilo lililonifunza
kwamba kabla ya chakula kuna chakula cha chakula:
maji ya chumvi, chembe ya mbolea, taa, siku saba,
hadi yageuke kijani kama mlenda.
Kijani hicho kopepodi wanakunywa,
kopepodi nao ni wa Kitenge.

Mama alipiga simu.
"Unafuga nini huko?"
Wadudu.
"Wa nini?"
Wa samaki.
"Samaki wa kula?"
Wa kutazama.
Akanyamaza, nikasikia mbuzi wake.
"Na wewe, umekula?"

Usiku umeme ulipokatika, jenereta haina mafuta,
pampu ya hewa ilikohoa ikakata kauli.
Nikachukua mrija wa soda,
nikapuliza mapovu dumu hili, dumu lile,
hadi kichwa kikazunguka.
Kirungu kilikuwa sakafuni. Lango lilijilinda lenyewe.
Mwizi angeingia angemkuta nini?
Askari anayewapumulia wasioonekana.

Nyuma ya tangi sasa kuna chumba kidogo.
Mwani wa nywele unaishi humo, chini ya taa
inayowaka tangi kuu likishalala.
Zamu yake ni zamu yangu.
Unakula uchafu wa samaki, unanenepa,
naupunguza kwa mkasi kila Ijumaa,
na ndani ya nywele zake kuna mji mzima:
majike yenye vifuko viwili vya mayai mkiani,
kama mama aliyetoka sokoni Ilala, mizigo huku na huku.
Nawamulika kwa tochi. Najaribu kuhesabu.
Sijawahi kuvuka arobaini.

Jumatatu mtoto mwenye shavu lililovimba
alibandika pua kwenye kioo.
"Mama, vumbi linatembea."
Mama yake akafuta kioo kwa ncha ya khanga.
Vumbi likaendelea kutembea.
Kitenge akashuka polepole, akasimama,
akaligeuzia jicho moja, akafikiri,
akadonoa.
Akadonoa tena.

Ilikuwa saa tatu asubuhi.
Nilipaswa kuwa nimeshaondoka saa mbili zilizopita.