Zoezi la Saba

Jumanne usiku, chumba cha nyuma cha kanisa, Blaen-nant.
Makoti yanafuka mvuke kando ya jiko la makaa,
na mimi nimesimama mbele ya wachimba mawe kumi na mmoja
na mjane mmoja,
nawafundisha Kiingereza, lugha ya barua za kampuni.

Nilichora mbwa ubaoni, nikachora paka.
Mbwa anamfukuza paka: kauli ya kutenda.
Paka anafukuzwa na mbwa: kauli ya kutendwa.
"Mbwa ni yule yule," nikasema, "ila amehamishiwa mkiani."
Gethin, vumbi la sleti bado kwenye kope, akauliza:
"Na tukimfuta kabisa?"

Nikamfuta.
Paka anafukuzwa.
Sentensi ikabaki wima, haina hata mkwaruzo.
Wakacheka: sasa anakimbia nini huyu paka?

Nesta Parri hakucheka.
Wiki iliyofuata, badala ya zoezi la saba la kitabuni,
la mkate ulioliwa na dirisha lililofungwa,
akaniletea barua yenye nembo ya machimbo,
imekunjwa mara nne, imelainika mikunjoni kama leso.

Baruti ilitegwa.
Utambi haukukaguliwa.
Filimbi haikupulizwa.
Bwana Emrys Parri alikutwa saa tisa na robo.
Masikitiko yanatolewa.

Kazi zote hizo, na hakuna hata mkono mmoja.

"Nataka kuigeuza," akasema, "sentensi kwa sentensi."
Nikampa kanuni niliyopewa chuoni:
mtenda asipojulikana, andika mtu fulani.
Akanitazama kama aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Mtu fulani hapokei mshahara Ijumaa," akasema.
"Hawa wanapokea."

Wiki tatu hakuja darasani.
Nilisikia anagonga milango, anaketi jikoni kwa watu,
chai inapoa, anauliza swali moja, anaondoka.
Mke wa msimamizi alimfungia mlango.
Akarudi kesho yake, akagonga tena.

Kisha karatasi, kwa mwandiko wa kubonyeza sana:

Idwal Rees alitega baruti.
Meneja Harcourt hakununua utambi mpya tangu Pasaka,
na msimamizi Pugh hakuukagua wa zamani.
Wanaume watano walimkuta Emrys. Walivua kofia.
Mkurugenzi anatoa masikitiko akiwa Liverpool,
huku hajawahi kufika.

Kalamu yangu nyekundu ilikosa kazi,
isipokuwa hapa: mstari wa tatu wa barua,
ameunakili chini kabisa, peke yake, neno kwa neno.
Filimbi haikupulizwa.

"Huu umeusahau," nikasema.

Nesta akageukia jiko.
Gethin, mdogo wake, miaka kumi na sita,
alikuwa anachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.
Kola ilikuwa wazi. Shingoni, katikati ya vumbi,
mstari mweupe wa uzi
uliowahi kuning'iniza kitu kidogo, hauna kitu sasa.

Mwezi mzima niliwaambia kutendwa ni koti la mwizi.
Sikuwaza kwamba siku ya theluji
koti hilo hilo laweza kumtosha mtoto.
Na mama zetu, kwa Kiwelisi chetu,
wanacho kitenzi kisichomtaja mtu;
walikitumia kwa sahani zilizovunjwa,
kwa pombe iliyonywewa, kwa mengine
ambayo nyumba nzima ilijua na ikaendelea kula.

Nikashika kalamu juu ya ule mstari. Wino ukakusanyika nchani.

"Huo," Nesta akasema polepole, kwa Kiingereza,
akiutafuta umbo kama mtu anayevuka mto kwa mawe,
"huo uachwe."

Kimesemwa sahihi, kisarufi.
Nikafunika kalamu.
Sikumuuliza: uachwe na nani.