Umekalia Neno

Nilidhani ni pambo.
Msimamizi aliishika ramani kichwa chini,
akasema, njano inapita katikati, basi.
Nikapanga vigae: vya mistari, vya nundu,
na vya nundu vilipopungua nikajazia vya mistari,
kama mtoto achezaye na vifuniko vya soda.

Asubuhi hiyo mlima ulikuwa umejifunika.
Wageni walisimama pale Mnara wa Saa
wakiulizana, uko wapi?
"Uko palepale," alisema mama mmoja akiwapita,
"nausikia shavuni."
Fimbo nyeupe mbele. Raba zimelika soli.

Akafika kwenye kazi yangu. Akasimama.
Akarudi nyuma hatua tatu, akasimama tena.
"Nani ameandika hapa?"
Nikatazama ukutani.
"Chini. Nani ameandika?"
Mama, mimi ni fundi, sijaandika kitu,
shule niliishia la nne, kule Usangi.

"Vua viatu. Funga macho. Mistari husema twende.
Nundu husema simama, mbele kuna jambo.
Haya, soma ulichoandika."

Nikasoma kwa unyayo, silabi kwa silabi:
twende
twende
twende
twe—
paji langu likakutana na nguzo ya umeme.

Vijana wa bodaboda walicheka, mmoja akaketi chini kabisa.
Yeye hakucheka.
"Mimi ningekuja kwa kasi kuliko wewe," alisema,
"maana ningekuamini."

Miaka kumi na tisa nashika mwiko.
Wenye nyumba huja na timazi,
huja na shemeji anayejua kupima,
huhesabu mifuko ya saruji mbele yangu.
Kuaminiwa na mguu
sikuwahi.

Msimamizi akasema, achana nayo,
uzinduzi ni Ijumaa, nani atakagua? Vipofu?
Nikamwambia, ndiyo.
Akanikata siku mbili.

Nikang'oa kumi na sita kwa tindo, manyunyu yakinipiga mgongoni.
Njia nikaipinda mapema, mbali na nguzo.
Ukingoni mwa barabara nikalaza nundu safu mbili,
nikazikanyaga peku kabla saruji haijashika,
nikazirekebisha, nikazikanyaga tena.
Kisigino changu kimoja kimebaki pale, kwenye kiungo cha saruji.
Sikukifuta.

Anaitwa Aikande. Anapokea simu hospitalini.
Sasa hupita saa moja na nusu bila kusimama,
ila kwenye nundu, anaposimama
kama mtu aliyefika kwenye nukta.
Hajui kama nipo ng'ambo, na ndoo yangu.
Au anajua.

Jana nilimkuta muuza ndizi
ametandaza mkungu mzima juu ya njano.
Mama Ndekirwa, nikamwambia, sogea kidogo,
umekalia neno.
Akanitazama kama mlevi.
"Neno gani?"

Twende.