Wasia wa Darasa la Themanini na Saba

Mimi, Odile Pelkey,
mkazi wa mji wenye taa moja ya kuongozea magari
na magari mawili ya kuongozwa,
huku kaskazini mwa Maine ambako theluji hujua majina yetu,
nikiwa na akili timamu, isipokuwa saa ya jiometria,
nausia kama ifuatavyo, kwa niaba yangu
na ya wenzangu kumi na tisa wasiojua kupiga taipu.
Kufa kufaana. Nasi hatufi, tunahitimu tu,
lakini faidikeni.

Kwa Lucien Thibodeau wa darasa la tisa:
kabati namba mia moja na kumi na nne.
Halifunguki kwa ufunguo. Lipige goti.
Goti, Lucien, siyo teke. Teke hulikasirisha.
Harufu utakayoikuta ni ya sandwichi ya samaki
niliyoirithi mimi mwenyewe, sijui kwa nani.
Mrithi hachagui.

Kwa Winnifred Bubar: kiti cha tatu kwenye basi,
kando ya kipasha joto kinachobanika goti la kushoto
na kuliacha la kulia mwezi Januari.
Katikati ya safari, geuka.

Rosaire Cyr anaacha udhuru wake mmoja:
yule paa mkubwa wa kaskazini, mwenye pembe kama masinia,
kasimama njiani, hataki kupisha.
Ameutumia mara kumi na moja.
Mara moja ulikuwa kweli, na siku hiyo ndiyo aliyoadhibiwa.
Utunze, Hollis. Usiutumie Jumatatu.

Armand, aliyerefuka sentimita kumi na nane kiangazi kimoja
hadi mama yake akalia ndani ya duka la suruali,
anaziacha sita kwa mlinda lango wetu mdogo,
na anaomba arudishiwe zikibaki.

Kwa Bwana Haskell, mkuu wetu, tunaacha
(mstari huu umefutwa na Bwana Haskell)
pamoja na kuku wote watatu.

Bi Levesque wa jikoni, umetulisha viazi miaka minne:
vya kuchemsha, vya kuponda, vya kuoka,
na Ijumaa moja, vya bluu.
Tunakuachia shukrani, na swali.

Sasa Gaetan.
Jina lake halimo katika orodha niliyopewa.
Aliondoka Machi, baba yake alipouza trekta,
kisha shamba, kisha akakosa cha kuuza.
Yuko kiwanda cha karatasi, zamu ya usiku;
huenda hii unayoisoma aliikata yeye.
Hakuniambia niandike kitu. Naandika:
Gaetan Michaud anaacha kiti nyuma ya maabara
na jina lake chini ya meza, kalichonga kwa bikari,
ile N ikitazama kinyume.
Msilipake rangi.
Atakayekaa hapo alipapase mtihani ukimzidi.
Mimi nililipapasa. Nilipata arobaini na mbili,
lakini nilitulia.

Kwa mdogo wangu Zélie: nusu yangu ya chumba,
ubao wa sakafu usiolia, wa nne kutoka mlangoni,
na zamu yangu ya kulisha kuku,
ambao, utagundua, wamepungua.

Kapu la viazi simwachii mtu.
Najua mmeliulizia, maana ni jepesi
na mpini wake umelainika kwa viganja vya bibi yangu.
Lakini shule itafungwa wiki tatu za mavuno kama kawaida,
nanyi mtashuka mashambani mkipiga miayo,
barafu ingali kwenye nyasi,
mkinihesabu miongoni mwa walioondoka.
Tazameni tuta la pili, mkono wa kushoto, karibu na mapipa.
Mwenye kofia nyekundu ndiye mimi, marehemu.
Njooni mnisaidie kunyanyua.