Slaidi ya Saba

Mimi ni fundi wa lifti hapa Daugavpils, mwaka wa thelathini na moja huu.
Grisi imejaa mistari ya viganja vyangu,
hata mpiga ramli angeshindwa kunisomea kesho.
Usiku huu sipo shimoni chini ya kebo:
nipo jikoni, mbele ya kompyuta ya mpwa wangu Raitis,
na theluji inabisha dirishani kama mdai asiye na haya.
Asubuhi saa nne, baraza la mji.
"Dakika kumi," barua imesema, "na wasilisho la kitaalamu."

Andika tu, Shangazi, kasema Raitis, akili unde itamaliza.
Kisha akalala, pu!

Nikaandika kwa vidole viwili:
Lifti kumi na nne, Mtaa wa Wafumaji. Tisa zimekufa.
Jengo namba sita, mota kongwe kunishinda.
Mzee Bronislavs, ghorofa ya tisa,
hajakanyaga ardhi tangu Novemba.
Mkate hupandishiwa na binti wa posta, wala si kazi yake.

Nikabonyeza.
Lo! Slaidi kumi na moja,
bluu ya bahari tusiyokuwa nayo,
herufi zimesimama kama gwaride.
Sijawahi kuvikwa nguo nzuri namna ile.
Nilijiona mtu. Sikatai.

Halafu nikasoma.
"Changamoto za Usafiri Wima."
Usafiri wima! Miaka yote hii nimeita kukwama.
Tisa zilizokufa zimekuwa "fursa tisa za uboreshaji".
Asilimia themanini na saba ya wakazi wameridhika.
Nani kawauliza? nikaandika.
Ikaniomba radhi kwa adabu ya mhudumu wa hoteli,
ikaniletea sabini na mbili.

Na Bronislavs?
Nilimkuta slaidi ya saba: "makundi maalumu",
na picha ya mzee ndani ya lifti ya kioo, anacheka meno yote.
Bronislavs ana meno manne
na hayaonyeshi bure.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni:
jedwali la bei za kebo ilipanga vizuri
kuliko mhasibu wetu, apangaye kwa hasira.
Ilinifundisha kutaja kiasi kamili, bila kuzunguka.
Lakini hadi saa nane za usiku tulivutana.
Nikifuta, inauliza: nikuboreshee?
Hapana.
Inauliza tena, kwa mlango mwingine.

Slaidi ya saba nikaifagia ikawa nyeupe.
Nikaandika kwa weusi:
Bronislavs. Ghorofa ya tisa. Ngazi mia moja arobaini na nne.
Slaidi hii haina mvuto, ikanionya.
Nikajibu: ndiyo.

Baraza hukaa ghorofa ya tano.
Lifti yao inapanda kimya, karibu kimya;
beringi ya juu imeanza kulia, naipa hadi Pasaka.
Hawakuniuliza.

Kwenye bluu walitikisa vichwa.
Kwenye saba, mwanamke mwenye miwani aliweka kalamu chini.
Huyu ni nani? akauliza mwenyekiti.
Mpandie umuulize, nikasema.

Wametoa fedha. Lifti tatu, mwaka huu.
Watafuata orodha yangu, wakasema, ya slaidi ya tisa, nzuri sana.
Nikageuka kuitazama ukutani.
Mashine iliipanga kwa bei, rahisi kwanza,
na namba sita, yenye mota kongwe,
iko mwisho kabisa.
Nilikesha nikiipigania ya saba.
Ya tisa niliipita kwa kuwa ilipendeza.

Sasa napanda. Ngazi ya themanini nimesimama kuvuta pumzi.
Taa ya hapa imeungua.
Nimebeba mkate, bado una joto,
na sijui nitaanza na lipi.