Yakitoka Safi, Lala

Baba alijua mambo machache juu ya maji
na yote alinikabidhi siku moja, amechuchumaa
nyuma ya tuta, kidole ndani ya unyevu:
"Kila tuta la udongo hutoka jasho, Somoe.
Yakitoka safi, lala.
Yakitoka na tope, usingoje hata kuvaa ndala."

Bwawa hili ni korosho za msimu mmoja.
Mwaka ule bei ilipanda mpaka watu wakanywesha mbuzi soda.
Dadi Mnunduma hakununua pikipiki, hakuongeza mke.
Alikodi kijiko kutoka Masasi, siku kumi na moja,
akabomoa vichuguu vyote vya upande wetu
(udongo wa mchwa, alisema, umeshatafunwa, haufunguki)
akaziba kibonde baina ya vilima viwili nje ya Nachingwea,
pale ambapo maji yalipita masika tu,
kama mgeni aliyeacha teksi ikinguruma.
Chini ya tuta alilaza bomba la chuma
la ule mradi wa karanga wa Waingereza,
lililosahauliwa porini reli ilipong'olewa.
"Karanga zilishindwa," alisema. "Bomba halikushindwa."

Watu walicheka. Ziwa! Huku kwetu!
Kisha wakaja, na watoto, na sufuria.
Kiingilio elfu moja. Viti vya plastiki. Chipsi.
Boti la kukanyaga lenye umbo la bata, shingo imeungwa kwa waya.
Mwalimu Hokororo alijifunza kuogelea akiwa na miaka hamsini na mbili,
tairi la trekta kiunoni, akimwita mama yake.

Mimi nilikata tiketi.
Na alfajiri, kabla ya tiketi, nilipita nyuma
kuziba mashimo ya panya, kung'oa miche ya mikorosho
inayojiotea tutani. Mzizi ukifa huacha uchochoro,
na maji hayaelekezwi njia mara mbili.

Baba alikufa Januari.
Machi, usiku wa kuamkia Idi, kaka yangu Ausi
alikuwa ameshafunga spika nne na kulipia mbuzi watatu.
Mvua ilikuwa imenyesha siku sita.
Saa tisa nilishuka na tochi.
Kandokando ya bomba maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Niliyakinga kwa kikombe. Nikasubiri.
Chini kikatulia kitu laini, cheusi,
kiasi cha kijiko.
Tuta lililojengwa kwa kijiko
lilikuwa linaondoka kijiko kwa kijiko.

Nilikimbia peku mpaka kwa Bi Fadina bondeni,
nikagonga nyumba nne, nikatukanwa katika mbili.
Kisha jembe, pembeni, kwenye mfereji wa kupunguzia,
nikichimba kuliachia ziwa la baba yangu.
Ausi alikuja na mwavuli. "Somoe, kesho Idi!"
"Ndiyo maana," nikasema. "Shika jembe."
Alishika. Hilo siwezi kumnyima.

Wageni walikuja na nguo mpya wakakuta matope.
Bata amelala ubavu, shingo imekatika.
Ndala saba, zote za kushoto.
Simu moja. Meno ya bandia, hakuna aliyeyadai.
Watoto waliingia na mashati yao ya Idi
wakatoka na perege, wengine wameficha kambale kofiani,
na mama zao walipiga kelele, kisha wakaomba ndoo.
Mwalimu Hokororo alisimama ukingoni kimya,
suruali imekunjwa mpaka magotini.

Bi Fadina hakuja kushukuru. Alikuja na hesabu:
majaruba matatu ya mpunga, yamelala.
Nimeipitia. Amehesabu sawasawa.
Nitamlipa korosho zikiuzwa, kama zitauzwa.

Jioni nilichuchumaa nyuma ya tuta.
Bomba bado linadondosha,
tone, kisha muda mrefu, kisha tone.
Nimekinga kikombe.
Yanatoka safi, baba.
Nimekaa tu.