Mkataba wa Chumba cha Uani

Kaa, Semhando. Vuta kigoda; hicho chenye mguu mbovu kiache.
Kabla hujaweka sahihi tusome pamoja, neno kwa neno,
maana karatasi hii kaiandika karani
na maneno yake yamevaa koti,
ilhali chumba chenyewe kiko uani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
kinatazamana na choo na mlimau.

Mpangishaji: ndiye mimi, Mwanamvua binti Kibwana.
Mpangaji: ndiye wewe.
Herufi chache tu zinatutenga.
Marehemu mume wangu alikuwa akizichanganya,
mwaka mmoja akajikuta yeye ndiye anayedaiwa.

Kodi. Serikali nayo hulitumia neno hilo hilo,
kwa hiyo nikikudai, jua nami kuna anayenidai.
Elfu arobaini kwa mwezi, miezi mitatu mbele.
Chumbageni wanataka sita, wengine mwaka.
Mimi sitaki. Aliyelipa mwaka
hafagii ua: anajiona kanunua.

Dalali: yule wa kofia ya kijani,
kala kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango.
Humu hayumo. Usimtafute bati likivuja.

Bati likivuja ni langu. Paa, ukuta, bomba la nje, mimi.
Balbu, na kitasa utakachokivunja
kwa kurudi zamu ya usiku bila ufunguo, wewe.
"Uchakavu wa kawaida," kasema karani.
Maana yake: sakafu ikififia pale unapokanyaga
kila siku ukienda Bombo kuhudumia wagonjwa,
hiyo sikudai. Miguu ina haki ya kupita.
Lakini ukipasulia kuni ndani
(alikuwapo mmoja, simtaji)
saruji utanunua.

Luku: mita moja, vyumba sita.
Hapa sheria haisaidii kitu.
Mwenye friji aongeze elfu tano, na asinune.

Kumpangishia mtu mwingine: hapana.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
ya thelathini mlete kwangu tuandikishane.

Notisi: mwezi mmoja, kwa maandishi,
mimi kwako, wewe kwangu.
Sitakuja na vijana usiku kukutolea godoro.
Nawe usinitoroke alfajiri, ufunguo mfukoni.

Sasa hili. Karani aliandika "dhamana."
Nikamwambia futa, andika amana.
Kodi ya mwezi mmoja, inalala kwangu.
Si kodi ya mwisho. Si yangu pia.
Tazama juu ya kabati, lile kopo la maziwa ya unga:
mna elfu kumi na tano za Singano, fundi baiskeli,
aliyekaa chumba hicho hicho,
akaaga anakwenda Pangani kumzika dada yake.
Mwaka wa tisa huu.
Panya walitafuna noti moja, nikairudishia kwa yangu.
Nilikata mia tano ya misumari
aliyopigilia ukutani kutundikia ringi na minyororo,
nikazima taa, usingizi ukakataa,
nikaamka nikairudisha mia tano koponi.

Haya. Sahihi yako hapa chini.
Pa shahidi ataandika Mwantumu wa chumba cha pili
akimaliza kukuna nazi.
Na ile misumari sikuing'oa.
Tundikia sare yako.